Kompyuta ya Kwanza ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayedunduliza hela ya kompyuta ya gemu na hataki hata shilingi moja ipotee. Nimekaa na vijana wengi hapa Dar es Salaam tukifungua na kufunga mashine hizi, na maswali yao yanarudi yale yale. Bei za shilingi sijaziandika, kwa sababu zinapanda na kushuka na dola na mzigo ulioingia wiki hiyo. Nimeandika migao, majina ya vifaa na namna ya kukagua, vitu ambavyo vitakusaidia hata mwakani.

Nianze na kipi: kadi ya grafiki, prosesa au kasha?

Anza na karatasi. Andika gemu tatu unazozitaka kwelikweli, zile ambazo ukizikosa hiyo kompyuta haina maana kwako, kisha andika monita utakayotumia. Hayo mawili ndiyo yanaamua mengine yote.

Anayetaka Valorant na eFootball ana safari fupi. Valorant inafunguka hata kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa, bila kadi. EA Sports FC 25 inataka angalau kadi ya GTX 1050 Ti, RAM (memori ya kazi) ya 8GB na nafasi ya 100GB kwenye diski. Cyberpunk 2077 imekwenda mbali zaidi: angalau GTX 1060 ya 6GB, RAM ya 12GB, na lazima iwe SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Watu hawa watatu wana bajeti tatu tofauti, na wote wanaingia dukani wakisema "nataka PC ya gemu". Muuzaji akisikia hivyo tu, atakuuzia kile ambacho kimemkalia dukani.

Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, kila gemu ina sehemu ya mahitaji ya mfumo. Safu ya kwanza ni ya kufunguka tu. Safu ya pili ndiyo ya kucheza kwa raha, na hiyo ndiyo ya kupangia bajeti.

Kwa monita, lenga 1920 kwa 1080, yaani 1080p. Ukikuta mtu anakushauri 4K kwa kompyuta ya kwanza, mshukuru halafu endelea na safari yako.

Hela niigaweje?

Kwa mashine ya kuunga kutoka mwanzo, bila monita, mimi hupanga hivi katika kila shilingi 100: kadi ya grafiki 37, prosesa 18, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) 12, RAM 10, SSD 8, pawa saplai 10, kasha 5. Si sheria, ila ukiona kasha lenye taa limekula 15 na pawa saplai imebaki na 3, ujue mambo yameharibika.

Jambo moja limevuruga migao hii: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana, kwa sababu viwanda vinaelekeza memori kwenye vituo vya data vya akili mnemba. RAM sasa inaweza kumeza fungu la prosesa. Ndiyo maana swali linalofuata lina uzito kuliko lilivyokuwa miaka michache nyuma.

Kompyuta za ofisi za mtumba zinafaa kweli kwa gemu?

Zinafaa, na kwa mwenye hela kidogo ndiko ningemwambia aanzie. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinaingia kwa wingi kutoka Ulaya, Marekani na Dubai baada ya makampuni kuzibadilisha. Unanunua prosesa, mazabodi, RAM, kasha na pawa saplai kwa mkupuo, mara nyingi kwa bei ya mazabodi mpya peke yake. Ukiongeza kadi ya grafiki na SSD unacheza.

Ila usinunue kwa jina tu. Kuna mambo manne ya kuangalia kabla hujatoa hela.

La kwanza ni kizazi cha prosesa. Soma namba: i5-6500 ni kizazi cha sita, ina koa nne (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi nne (kazi inazoweza kushika kwa mara moja), na gemu za sasa zinaibana. i5-8500 ni kizazi cha nane, ina koa sita. Kizazi cha nane ndicho pia mpaka ambao Windows 11 inaukubali rasmi kwa prosesa za Intel. OptiPlex 3060, 5060 na 7060, EliteDesk 800 G4 na ThinkCentre M720 ziko upande salama wa mpaka huo. OptiPlex 7050, inayofanana nazo kabisa kwa sura, iko upande wa pili. Tarakimu hiyo moja ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji.

La pili ni umbo. Hizi mashine zina maumbo matatu: kubwa la kusimama, jembamba, na kile kidogo cha kukaa kiganjani. Kidogo kwa kawaida hakipokei kadi ya grafiki. Jembamba linapokea kadi fupi tu, ile yenye bamba la chuma la nusu kimo, na kadi hizo ni chache na bei yake iko juu. Kubwa la kusimama ndilo la kutafuta, hata kama utazunguka siku mbili zaidi.

La tatu ni umeme wake. Pawa saplai za Dell za kizazi hicho ni za wati 180 hadi 260 hivi, na nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Plagi inayoingia kwenye mazabodi nayo si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kung'oa na kupachika yoyote ya dukani bila adapta. Maana yake unatafuta kadi inayokula umeme wa tundu la mazabodi inamokaa tu, yaani isiyozidi wati 75: GTX 1050 Ti, matoleo ya GTX 1650 yasiyo na plagi ya umeme, au RTX 3050 ya 6GB, ambayo ni ya wati 70.

La nne ni RAM. Muulize kama ni kijiti kimoja au viwili. Vijiti viwili vya 8GB vinakwenda haraka kuliko kimoja cha 16GB, kwa sababu prosesa inavisoma kwa pamoja.

Basi kadi gani nitafute?

Kama mashine yako ni ya ofisi, nimeshazitaja tatu. RTX 3050 ya 6GB ndiyo bora kati yake. Iliingia sokoni 2024, na kuna matoleo mafupi yanayotosha kwenye kasha jembamba.

Epuka RX 6400 na RX 6500 XT kwenye mashine hizi. Zimeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe, ile barabara ya data kati ya kadi na mazabodi, na zilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Mazabodi ya kizazi cha nane ni PCIe 3.0, kwa hiyo kadi inapata nusu ya barabara iliyopangiwa na gemu inaanza kukwamakwama. Zaidi ya hapo hazina kisimbaji cha video, kwa hiyo kurekodi mchezo wako kutaielemea prosesa.

Kama unaunga mashine mpya, RX 6600 ya 8GB ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi. Inakula wati 132 tu, na kwa 1080p inachezesha karibu kila kitu kwa mipangilio mizuri. RTX 3060 ya 12GB ni nzuri pia, hasa kwa anayefanya kazi za Blender au kuhariri video. GTX 1660 Super iliyotumika bado inastahili heshima. RX 580 ya 8GB ni ya bei rahisi, lakini ni ya 2017 na inakula wati 185. Inahitaji pawa saplai ya maana.

Usinunue kadi mpya yenye memori ya 4GB kwa gemu kubwa za sasa. Utajuta baada ya miezi sita.

Kadi iliyotumika nitaikaguaje? Naogopa kuibiwa.

Uoga wako ni wa haki. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki mwezi Septemba 2022, mamia kwa maelfu ya kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni, na nyingi zimefika huku kwetu. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu. Ila lazima ikaguliwe.

Kwanza uishike mkononi. Angalia skrubu za nyuma: kama vichwa vyake vimechubuka, imewahi kufunguliwa, uliza kwa nini. Zungusha feni kwa kidole taratibu. Ikikwaruza au ikiyumba, hiyo feni inakufa. Inusie karibu na plagi ya umeme. Harufu ya kuungua haifichiki, hata kama mtu ameisafisha kwa spiriti ikang'aa. Tazama pini za dhahabu pale chini, na kwa kadi zilizokaa pwani tafuta madoa ya kijani kibichi kwenye soketi za monita. Hiyo ni chumvi ya bahari inakula shaba.

Pili, dai iwashwe mbele yako. Nenda na flashi yenye programu tatu: GPU-Z ya kuitambua kadi, HWiNFO ya kupima joto, na FurMark ya kuifanyisha kadi kazi ngumu. Fungua GPU-Z kwanza. Kuna kadi za zamani sana, kama GTS 450, zilizobadilishwa baiosi (programu ya msingi iliyomo ndani ya kifaa) zikajitambulisha kuwa GTX 1050 Ti, na GPU-Z imekuwa ikizitambua tangu 2018 na kuandika FAKE mbele ya jina. Ukiona GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, hapo tu shaka ianze, kwa sababu chipu halisi haitoi mawimbi ya VGA. Kwa RX 580 soma mstari wa Shaders: halisi ina 2304, na ile iliyopunguzwa ina 2048. Hiyo ya pili si ya wizi, AMD wenyewe waliitoa, ila haipaswi kuuzwa kwa bei ya kaka yake.

Tatu, washa FurMark dakika kumi na tano huku HWiNFO ikionyesha joto. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike, kaa. Joto likipanda likatulia kwenye 70 na kitu au 80 na kidogo, sawa. Likizidi 90, au kioo kikaanza kutoa vidoa vya rangi na mistari, au kikawa cheusi, rudisha kadi na uondoke. Kijana mmoja niliyemsindikiza Kariakoo aliona vidoa vya zambarau dakika ya kumi na moja. Tungekaa dakika tano tu, kama alivyotaka winga (dalali) aliyetupeleka pale, angeondoka na kadi mbovu.

Na kuhusu mawinga: wanajua fremu zote na wanafika haraka, lakini cha juu chao unakilipa wewe, na kifaa kikigoma kesho yake winga hana duka la kumrudia. Nunua kwa mwenye fremu, chukua risiti, na aandike juu yake namba ya utambulisho wa kadi (serial number) na siku za kujaribu.

Nimeambiwa pawa saplai yoyote inafaa, ilimradi iandikwe 500W. Kweli?

Si kweli, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu. Kadi dhaifu itakunyima raha. Pawa saplai mbovu itakunyima kompyuta nzima.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni tangazo. Ukweli uko kwenye kibandiko chenye jedwali dogo, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki vinakula karibu umeme wao wote hapo. Zidisha: volti 12 mara ampea zilizoandikwa. Hivi karibuni nililetewa moja mpya kwenye boksi, imeandikwa 500W kwa herufi nyekundu. Nilipoiinua ilikuwa nyepesi kama boksi tupu la viatu. Mstari wa +12V ulisema 18A. Kumi na nane mara kumi na mbili ni wati 216. Huyo kijana alikuwa anataka kuifungia RX 580, ambayo peke yake inakula 185. Pawa saplai nzuri ya 550W inaonyesha ampea 45 hivi kwenye mstari huo huo.

Uzito nao unasema. Ndani ya iliyo nzuri kuna koili, kapasita kubwa na vipoza joto vya alumini. Ndani ya ile nyingine kuna nafasi tupu. Alama ya 80 Plus ni mwanzo mzuri, lakini kibandiko kinaweza kunakiliwa, kwa hiyo tafuta jina kamili la toleo kwenye tovuti ya mtengenezaji na hakikisha lipo. Corsair, Seasonic, Cooler Master, MSI na be quiet! zote zina matoleo ya bei ya kati yanayoaminika.

Mazabodi yangu ya kwanza iliungua kwa namna hiyo. Pawa saplai ililia tiki, nikasikia harufu, na ikaondoka na mazabodi na diski yenye picha za familia. Aliyeniuzia alikataa hata kuiangalia. Tangu siku hiyo sijawahi kumshauri mtu apunguze hela hapa.

Jambo jingine dogo lenye hatari kubwa: baadhi ya pawa saplai za zamani zilizotoka Marekani zina kiswichi chekundu nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio na hutahitaji kuambiwa kilichotokea. Angalia kabla ya kuchomeka, hata kama fundi amekuambia ameshaangalia.

Mtaani kwetu umeme unakatika sana. Ninunue UPS au stabilaiza?

Vinafanya kazi tofauti. Stabilaiza inalinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. UPS inakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima vizuri. Kama hela inatosha kimoja na umeme wenu hucheza-cheza, anza na stabilaiza yenye kuchelewesha, ile inayosubiri kidogo umeme ukirudi kabla ya kuuachia. Wakati mbaya zaidi si ule wa kukatika, ni ule wa kurudi.

Ukinunua UPS usichanganye VA na wati. Nyingi za 650VA zinabeba chini ya wati 400. Mashine yenye Ryzen 5 5600 na RX 6600 hula kama wati 250 ukiwa unacheza, kwa hiyo inatosha, ila ni kwa dakika chache tu. Kwa hesabu hiyo hiyo, saa nne za gemu zinakula uniti moja ya LUKU, ukiacha monita. Waambie wazazi namba hiyo, mara nyingi wanadhani ni zaidi.

Na ukigusa kasha ukasikia vidole vinasisimka, nyumba yako haina eathi au umetumia adapta ya pini mbili inayoikata. Mwite fundi umeme mwenye leseni, si kishoka.

Intel au AMD? Na herufi F, G na K maana yake nini?

Kwa bajeti ndogo zote mbili ziko sawa, tazama bei ya prosesa na mazabodi kwa pamoja. Core i3-12100F ina koa nne na nyuzi nane na inachezesha vizuri kuliko jina lake la i3. Core i5-12400F na Ryzen 5 5600 zina koa sita na nyuzi kumi na mbili, na hapo unakaa miaka kadhaa.

Mimi naegemea Ryzen 5 5600 kwa sababu ya soketi yake (tundu la prosesa kwenye mazabodi), AM4. Imedumu muda mrefu, vifaa vyake vya mtumba ni vingi, na mazabodi hiyo hiyo inaweza baadaye kupokea Ryzen 7 5700X3D bila kubadilisha RAM. Ukichukua mazabodi ya B450 iliyotumika, hakikisha baiosi yake imesasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo utawasha na kioo kitabaki cheusi.

F kwa Intel ina maana haina grafiki ndani: bila kadi, hupati picha kabisa. Ryzen 5 5600 nayo ni hivyo hivyo, ingawa haina F. G kwa AMD ina maana kuna grafiki ndani. K ni ya kuongeza kasi kwa mkono, usiilipie.

Sina hela ya kadi sasa hivi. Naweza kuanza bila kadi?

Unaweza, kwa Ryzen 5 5600G. Utacheza Valorant, eFootball na GTA V kwa mipangilio ya chini huku ukiendelea kudunduliza. Lakini weka vijiti viwili vya RAM tangu siku ya kwanza. Grafiki ya ndani haina memori yake, inaazima RAM, na kijiti kimoja kinaipunguzia kasi vibaya sana.

Vipi zile seti za Xeon (prosesa za seva) na mazabodi ya X99 kutoka China?

Koa nyingi kwa hela ndogo, ndiyo. Lakini gemu zinataka koa chache zenye kasi, mazabodi zenyewe hazina wa kukusaidia zikigoma, na zinakula umeme. Kwa kompyuta ya kwanza, hapana.

RAM kiasi gani?

16GB, vijiti viwili vya 8GB, DDR4 ya 3200. Ukishaunga, ingia baiosi uwashe XMP, au DOCP kwenye baadhi ya mazabodi, maana bila hivyo RAM ya 3200 itakwenda kwa 2133 au 2400 na hutajua. DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata mkato wa kijiti uko mahali tofauti. Usisukume kwa nguvu.

SSD nimeiona ya 2TB bei ya kutupa. Nichukue?

Hiyo ni feki. Chipu yake ndogo imedanganywa ijionyeshe kubwa. Ukifika mwisho wa ujazo wake wa kweli, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Programu ya bure ya H2testw inaijaza na kuisoma tena, na uongo unaonekana. Kwa iliyotumika, CrystalDiskInfo inaonyesha saa ilizofanya kazi na afya iliyobaki.

Chukua 500GB ya jina linalojulikana, au 1TB ukiweza. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka 150GB.

Naweza kuongeza kadi ya grafiki kwenye laptop yangu?

Kwa laptop za kawaida, hapana. Kuna njia za kuunganisha kadi kwa nje, lakini kwa gharama yake unapata OptiPlex na kadi juu.

Nimefunga kadi lakini gemu bado nzito. Kwa nini?

Nenda nyuma ya kompyuta utazame waya wa monita umechomekwa wapi. Ukiwa kwenye tundu la mazabodi, kadi yako imekaa bure. Uhamishe kwenye matundu ya kadi yenyewe, yale yaliyolala chini. Nimeitwa Mbagala hadi Tegeta kwa tatizo hili moja.

Kama waya uko sawa, sakinisha draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD moja kwa moja, kisha angalia joto.

Joto na vumbi la huku vitaiua?

Vikiachwa, ndiyo. Chumba cha Dar chenye nyuzi 32 kinaanza pale ambapo chumba cha Ulaya kinaishia, kwa hiyo kasha liwe na matundu ya kweli mbele, si kioo kizima. Feni mbili mbele zikivuta ndani, moja nyuma ikitoa nje. Iinue kutoka sakafuni, hata kwa tofali mbili. Kila miezi mitatu ipulize vumbi, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Ukikaa karibu na bahari, Mombasa, Tanga au Unguja, usiiache miezi bila kuiwasha. Joto lake la kazi linakausha unyevu.

Niagize Dubai au ninunue hapa?

Dubai, mtaa wa Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, maduka ya kompyuta yamejaa na bei mara nyingi ni nzuri. Kama una ndugu anayerudi, mwagize kadi, prosesa au SSD: ni vidogo na havivunjiki kirahisi. Pawa saplai, kasha na monita nunua hapa, Kariakoo au Luthuli kwa walio Nairobi, kwa sababu ndivyo vinavyohitaji kurudishwa mara nyingi.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anataka kompyuta hii, si itamharibia masomo?

Mzazi mwenzangu, mashine hii hii ndiyo inayofanyia kazi za uchoraji wa majengo, kuhariri video na kujifunza kuandika programu, mambo ambayo kompyuta ya kawaida inachechemea. Ninachokuomba ni hiki: muiunge pamoja. Mtoto aliyeshika bisibisi, akaweka prosesa kwa mkono wake, akajua kila kipande kinafanya nini na kimegharimu shilingi ngapi, anaitunza. Na saa za kucheza zipangeni wote wawili mkiwa mezani, siku hiyo hiyo ya kuiunga.

Windows 10 bado inafaa?

Ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu za ushindani zimeanza kuwa kali pia: Battlefield 6 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya kompyuta, na Valorant inavidai ukiwa kwenye Windows 11. Ni sababu nyingine ya kuanzia kizazi cha nane.

Bando litanimaliza kwa kupakua gemu. Nifanyeje?

Kama rafiki ana gemu hiyo hiyo kwenye Steam, unganisheni kompyuta zenu kwenye ruta moja, hata isiyo na intaneti ya kasi. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine humo humo ndani. Lazima gemu uwe nayo kwenye akaunti yako, lakini ile 100GB haipiti kwenye bando lako. Kwa kucheza mtandaoni, Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Johannesburg, na kwenye Dota 2 huko ndiko uchague.

Nimeunga kila kitu, nabonyeza, haiwaki. Nimeharibu?

Huenda hujaharibu kitu. Tulia, chomoa umeme, kisha pitia kwa mpangilio huu. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye I? Plagi ya pini nane ya prosesa, ile ya juu kushoto kwenye mazabodi, umeichomeka? Watu wengi huisahau. RAM imeingia mpaka ikalia kli, na vijiti viko tundu la pili na la nne kutoka prosesa? Waya mdogo wa kitufe cha kuwashia umekaa kwenye pini zake? Chomoa kadi uirudishe. Jaribu kijiti kimoja cha RAM, kisha kingine.

Ikiwaka bila picha, subiri dakika mbili nzima kabla ya kuizima. Mazabodi mpya hujifunza RAM mara ya kwanza, na kioo kinaweza kubaki cheusi muda wote huo huku feni zikizunguka.